Likizo kwa ndege ndogo wakati wa joto: kupanga uzito, hewa na kiti cha nyuma

Ndege ya viti vinne haibebi watu wanne. Yaani inawabeba, ila si pamoja na mabegi yao na matangi yaliyojaa. Karibu kila ndege ndogo ya injini moja iko hivyo: ukijaza viti, mafuta yapungue, ukijaza mafuta, mtu au begi libaki. Ukija msimu wa joto, hewa inapokuwa nyepesi, hata ule mzigo uliokubalika kwenye karatasi unaweza kukataa kuondoka ardhini.

Mwongozo huu ni wa rubani mwenye leseni, anayeimudu ndege yake akiwa peke yake, na ambaye sasa anataka kumpakia mwenzi wake, watoto na mizigo ya wiki nzima. Urushaji wenyewe haubadiliki sana. Kinachobadilika ni kwamba maamuzi makubwa inabidi yafanyike mezani, siku kadhaa kabla, wakati hakuna anayelia kiti cha nyuma wala anayeuliza tunafika saa ngapi.

Anza na mizani, ramani baadaye

Weka mizani ya bafuni sebuleni. Kila msafiri apande akiwa na nguo na viatu vya safari. Usiulize mtu uzito wake, maana watu hutaja kilo walizokuwa nazo miaka mitatu iliyopita. Mabegi yapimwe moja moja na kila moja libandikwe karatasi yenye kilo zake. Kisha pima vile vinavyosahaulika kwa sababu vinakaa ndegeni mwaka mzima: hedifoni, kamba na kabari, kifuniko cha kioo, oili ya akiba, fimbo ya kuvutia ndege, jaketi za kujiokolea, maji ya kunywa. Havikawii kufika kilo 18.

Tuchukue Cessna 172S. Uzito wake wa juu wa kupaa ni kilo 1,157. Tuseme yako, ikiwa tupu, ni kilo 770. Namba hii isome kwenye karatasi ya mwisho ya kupimwa kwa ndege yako mwenyewe, si kwenye brosha, kwa sababu kila redio iliyoongezwa na kila kiti kilichoshonwa upya kimeshaibadilisha. Zinabaki kilo 387. Baba ana 92, mama 74, watoto wawili wakubwa wana 58 na 49. Jumla 273. Ongeza kilo 18 za vikorokoro na kilo 40 za mabegi, unafika 331. Mafuta yameachiwa kilo 56.

Petroli ya ndege ina kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo kilo 56 ni lita 77 na kitu, kwenye ndege ambayo matangi yake hubeba takribani lita 200 zinazotumika. Injini inakunywa kama lita 35 kwa saa. Toa lita 35 za akiba ya saa moja, toa lita 5 za kuwasha, kutembea ardhini na kupanda, unabaki na mafuta ya kusafiri saa moja na dakika chache, yaani kilomita 230 hivi. Hapo ndipo ulipo, hata kama mtengenezaji ameandika kwamba ndege inakwenda zaidi ya kilomita 1,000.

Sheria za nchi nyingi hukubali akiba ya dakika 30 mchana. Kwa safari ya familia, shika saa moja. Mtoto akitapika, uwanja ukifungwa na ndege iliyopasuka tairi mbele yako, au ukihitaji kuzunguka wingu, zile dakika 30 zinaisha bila kuonekana.

Ukishaona hesabu, punguza kilo kabla hujaanza kubishana na ramani. Kilo 20 za mabegi ni sawa na lita 28, karibu dakika 48 za kuruka. Ukilieleza hivyo nyumbani linaeleweka haraka kuliko kusema tu “msibebe vitu vingi”. Kila mtu apewe begi moja laini lisilo na magurudumu wala fremu. Sanduku gumu lina kilo tatu au nne likiwa tupu, na halipenyi mlango wa mizigo. Hema, viti vya ufukweni na baiskeli vitangulie kwa basi au kwa kampuni ya vifurushi, au mvikodi mnakokwenda. Kama bado haitoshi, gawanya safari kwa vituo vya mafuta. Au kubali ukweli wa zamani wa viwanjani kwamba ndege ya watu wanne ni ile yenye viti sita.

Usiamini geji za mafuta unapojaza nusu. Chovya kijiti cha kupimia kilichotengenezwa kwa ndege hiyo hiyo, ndege ikiwa imesimama mahali tambarare, na uandike lita za kila tangi.

Uzito wa jumla ukikubali, bado kuna swali la umekaa wapi. Kwenye 172S, sehemu ya mizigo haitakiwi kuzidi kilo 54 kwa jumla, na sehemu ya nyuma kabisa inabeba chini ya nusu ya hizo. Begi zito lisukumwe mbele kabisa, likigusa mgongo wa kiti, na lifungwe kwa wavu. Mkia ukiwa mzito, usukani unakuwa mwepesi kupita kawaida na pua inanyanyuka mapema kuliko ulivyozoea. Mwendo ukishuka mno na mabawa yakaacha kubeba, pua inaweza kugoma kushuka. Piga hesabu ya kitovu cha uzito mara mbili: kwa mafuta ya wakati wa kuondoka na kwa mafuta ya wakati wa kutua. Zipo ndege, Beechcraft Bonanza ikiwa mojawapo, ambazo kitovu hurudi nyuma kadiri mafuta yanavyoungua, hivyo mnaweza kupaa mkiwa salama na kutua mkiwa nje ya mipaka.

Mwinuko ambao ndege inauhisi

Kuna mwinuko wa uwanja ulioandikwa kwenye ramani, na kuna mwinuko ambao ndege inauhisi. Hewa ya moto imetawanyika, kwa hiyo injini inavuta hewa kidogo, panga boi linashika hewa kidogo na mabawa yanakalia hewa kidogo. Vyote vitatu vinadhoofika kwa pamoja.

Hesabu yake haihitaji zaidi ya kipande cha karatasi. Joto la kawaida usawa wa bahari ni nyuzi 15, na hupungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kila nyuzi moja inayozidi joto hilo la kawaida huongeza takribani futi 120. Uwanja wa futi 5,000 ungepaswa kuwa na nyuzi 5. Leo una nyuzi 30, yaani ziada ya 25. Zidisha 25 kwa 120, unapata futi 3,000. Ndege yako inahisi iko futi 8,000, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi), inayopoteza kama asilimia 3 kwa kila futi 1,000, imeshaacha karibu robo ya nguvu zake.

Majedwali ya kupaa yamo kwenye kitabu cha ndege, na ndiyo ya kufuata. Lakini yalipimwa kwa ndege mpya, na rubani wa majaribio, juu ya lami kavu. Mamlaka ya anga ya Uingereza imekuwa ikiwapa marubani wa ndege ndogo vigezo vya kukadiria ambavyo ni vizuri kuvikariri: ongeza asilimia 10 ya umbali wa kupaa kwa kila futi 1,000 za mwinuko, asilimia 10 kwa kila nyuzi 10 za joto la ziada, asilimia 20 kwa nyasi fupi kavu, asilimia 20 kwa kila asilimia 10 ya uzito ulioongezeka, kisha zidisha yote kwa 1.33 kama kinga. Vigezo hivi havijumlishwi, vinazidishana.

Fuata mfano. Kitabu kinasema mita 500 kuvuka kizuizi cha futi 50, usawa wa bahari, joto la kawaida. Unakokwenda ni uwanja wa nyasi kavu, futi 2,000, na joto limezidi la kawaida kwa nyuzi 20. Mwinuko unazifanya 605. Joto linazifanya 732. Nyasi zinazifanya 878. Kinga inazifanya 1,168. Uwanja wenyewe una mita 900, na ulipoutazama kwenye picha ya satelaiti ulikuwa mzuri sana.

Mtego unaowanasa wengi uko hapa: kwa ndege nyingi za aina hii kutua kunahitaji njia fupi kuliko kupaa. Unaingia vizuri kwenye uwanja mdogo karibu na ziwa, mnakaa siku tano, na siku ya kuondoka saa 8 mchana ndege haina njia ya kutokea. Piga hesabu ya kutoka kabla ya kukubali kuingia. Isipotosha, tua uwanja mkubwa zaidi jirani na mmalizie kwa gari.

Siku yenyewe, chagua alama katikati ya njia: taa, barabara ya pembeni, mti. Ukifika hapo hujapata asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia, rudisha nyuma throto, yaani mkono wa nguvu za injini, na ufunge breki. Kama ndege yako inanyanyuka kwa kilomita 100 kwa saa, basi 70 kwenye alama. Kwenye viwanja ambavyo ndege inavihisi kuwa juu ya futi 3,000, injini isiyo na tabo inahitaji mchanganyiko wake wa hewa na mafuta upunguzwe mafuta kabla ya kupaa kama kitabu kinavyoelekeza. Ukiuacha umejaa, injini inabubujika na unapoteza hata ile nguvu kidogo iliyobaki.

Ondokeni alfajiri, na muwe na siku za kupoteza

Lenga kuwa magurudumu yametoka ardhini saa moja baada ya jua kuchomoza, na muwe mmeegesha kabla ya saa 6 mchana. Asubuhi hewa ni nzito, imetulia, na tumbo la mtoto limetulia pia. Kuanzia saa 7 ardhi iliyochemka hurusha hewa juu kama sufuria, mawingu meupe yanavimba, na mengine yanageuka kuwa ya radi.

Wingu la radi lizungukwe kwa umbali wa kilomita 37 au zaidi. Usipite chini yake wala chini ya lile paa lake bapa, hata kama upande wa pili unaonekana mweupe. Picha ya rada kwenye kishikwambi isitumike kutafuta upenyo kati ya seli mbili, yaani vitovu viwili vya mvua ya radi: picha inayopokelewa angani huunganishwa kutoka vituo vingi, na hali ikiwa mbaya inaweza kuwa ya zamani kwa dakika 15 hadi 20 kuliko saa inayoonyeshwa pembeni. Kwa muda huo seli imeshahama.

Utulivu wa majira ya joto nao una ubaya wake. Hewa ikikaa siku nyingi bila upepo hujaa utusitusi unaofuta mstari wa upeo, hasa juu ya maji na baada ya jua kuzama. Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Jr. alikuwa akiwapeleka mkewe na shemeji yake kwa Piper Saratoga kuelekea Martha's Vineyard, usiku, juu ya bahari, katika utusitusi wa namna hiyo. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipoteza mwelekeo na kushindwa kuidhibiti ndege wakati wa kushuka. Kama huna idhini ya kuruka kwa vyombo pekee na mazoezi ya karibuni, weka kanuni kwamba na familia hamvuki maji wala nchi isiyo na taa baada ya machweo. Mkichelewa kuondoka, mnalala.

Hilo la kulala ndilo gumu. Weka siku moja ya akiba upande wa kwenda na mbili upande wa kurudi, kwa sababu wakati wa kurudi ndipo shinikizo linapokuwa kubwa: kazi Jumatatu, shule, pesa zimeisha. Usilipie malazi yasiyorejeshwa kwa usiku wa kwanza. Tenga mapema fedha za tiketi za basi, treni au ndege ya abiria, na uwaambie watoto tangu mwanzo kwamba kuna uwezekano wa kurudi kwa gari. Aprili 1996, mtoto wa miaka 7 aliyekuwa akijaribu kuvuka Marekani na baba yake na mwalimu wa urubani alifariki pamoja nao muda mfupi baada ya kupaa kutoka Cheyenne, uwanja ulio zaidi ya futi 6,000. Ripoti ya uchunguzi ilitaja mvua ya radi, ndege iliyozidi uzito, hewa nyembamba kuliko aliyoizoea mwalimu, na ratiba iliyobana kupita kiasi. Kati ya hayo manne, ratiba ndiyo pekee ambayo ingeweza kurekebishwa wiki moja kabla.

Andika kiwango chako na umpe mwenzi nakala: mawingu yasiwe chini ya futi fulani, upepo wa pembeni usizidi kiasi fulani, mwonekano usipungue kilomita kadhaa. Yeye akisoma namba hizo asubuhi anaweza kusema “leo hapana” bila kujua chochote kuhusu urubani, na wewe hutaonekana mwoga.

Kiti cha nyuma

*Masikio.* Maumivu huja wakati wa kushuka, si kupanda. Shuka kwa futi 300 hadi 400 kwa dakika. Toka futi 7,500 hadi 1,000 kwa mwendo huo ni kama dakika 19, kwa hiyo anza kushuka mkiwa umbali wa kilomita 60 hivi, na mwombe mwongozaji wa ndege aliye redioni mapema, kabla hajakubakiza juu. Mtoto mchanga anyonye au apewe chupa wakati huo huo, si kabla. Mkubwa anywe maji kwa mrija, au abane pua na kupuliza polepole. Aliyelala aamshwe kwanza, kwa sababu usingizini watu humeza mate mara chache. Mwenye mafua mazito asipande kabisa: mrija wa sikio ukiziba, hakuna mbinu ya rubani itakayouzibua.

*Kelele.* Ndani ya ndege hizi sauti hufika desibeli 90 na zaidi. Hedifoni ya mtu mzima haizibi kichwani kwa mtoto wa miaka minne, inaacha upenyo shavuni, na kelele yote inapita hapo. Nunua ya watoto, na kwa mchanga tumia vizuia sauti vya utepe laini. Avae nyumbani wiki nzima akitazama katuni, ili siku ya safari isiwe kitu kigeni cha kung'olewa kila dakika tano.

*Kiti.* Sheria nyingi huruhusu mtoto wa chini ya miaka 2 kupakatwa. Mikono haiwezi kumshika mtoto ndege ikisimama ghafla. Tumia kiti cha gari chenye lebo inayokiruhusu kwa ndege, na kijaribuni siku kabla: baadhi havipiti mlangoni, vingine havikai chini ya mkanda wa ndege. Kifungwe nyuma. Mtoto ambaye miguu yake inaweza kufika pedali, au mikono yake kushika usukani, asikae mbele hata akilia.

*Kichefuchefu.* Kiti chenye dirisha, hewa ya baridi usoni, macho nje kwenye upeo. Vitabu na michezo ya simu huharakisha kutapika. Kifungua kinywa kiwe chepesi na kikavu, si tumbo tupu wala maziwa mengi. Mifuko yenye zipu iwe mitatu kwa kila abiria, ikae mfukoni mwa kiti, si begini. Dawa za kuzuia kichefuchefu ziulizwe kwa daktari na zijaribiwe nyumbani. Nyingi huleta usingizi, kwa hiyo rubani haimezi hata nusu.

*Choo.* Huamua urefu wa safari kuliko mafuta. Na watoto wadogo panga dakika 90 kwa mruko, na wakubwa saa mbili. Chagua kituo chenye choo kinachofunguliwa saa hiyo, na upige simu kuuliza, kama utakavyopiga kuuliza mafuta yapo. Pampu ikiwa mbovu, tangazo lake huchelewa.

Asubuhi ya safari

Kagua ndege peke yako. Huu si wakati wa kumfundisha mtoto jina la kila kipande, maana atakuuliza swali ukiwa katikati ya kuhesabu vali. 172S ina vali 13 za kutolea maji na uchafu kwenye mafuta, na ukikatizwa kwenye ya saba utaanzia ya tisa. Kila sampuli iinue juani: petroli ya 100LL ni ya bluu, isiyo na tone linalozunguka chini wala harufu ya mafuta ya taa. Tazama tundu la kupimia mwendo, kwani wadudu wa matope hulijenga ndani ya siku chache za joto. Tairi, oili, mkanda wa kila kiti.

Kioo kioshwe kwa maji mengi na kitambaa cha pamba, ukipangusa juu na chini. Dawa ya vioo vya nyumbani yenye amonia huleta nyufa ndogo ambazo utaziona siku utakapotua ukilitazama jua. Dawa ya mbu yenye DEET nayo hushambulia plastiki, hivyo watoto wapakwe wakifika.

Pawabenki na betri za akiba zikae karibu na mtu, zisifungiwe kwenye mizigo, ambako zikianza kutoa moshi hakuna atakayezifikia. Mitungi ya jiko la kambi haipandi. Kishikwambi kikiachwa juani juu ya dashibodi hupata moto na kujizima, kwa kawaida dakika ile ile unapotafuta masafa ya mnara. Kikae kivulini chenye hewa, na karatasi yenye masafa, njia na viwanja mbadala iwe pajani. Miwani ya jua yenye kichujio cha mwanga huzima baadhi ya skrini, kwa hiyo vaa ya kawaida.

Pakia mizigo kwanza, watoto mwisho kabisa, kwani chumba kilichofungwa juani ni tanuri na hakina kiyoyozi. Wakielekea ndegeni kila mtoto ashikwe mkono, waingilie nyuma ya bawa, injini ikiwa imezimwa. Panga boi lihesabiwe kuwa hai wakati wote: waya unaozima magneto, kifaa cha kutoa cheche za injini, ukikatika, kulizungusha kidogo tu kunaweza kuwasha injini.

Maelezo kwa abiria yasizidi dakika tatu, na kila mtu atende kwa mikono yake: afunge na kufungua mkanda, afungue mlango, aonyeshe kizimamoto kilipo. Kubalianeni ishara moja, kiganja kikiinuliwa, maana yake kimya. Kimya ni kuanzia kuwasha hadi kufikia kimo cha kusafiria, na tena kuanzia kushuka. Juu ya maji jaketi zivaliwe, zisijazwe upepo ndani ya ndege, kwa sababu aliyejaa upepo hatoki mlangoni.

Mwenzi aliyekaa mbele ajue mambo manne zaidi: jinsi ya kushika mfumo wa kujiendesha, kitufe cha redio, masafa ya dharura ya 121.5 na namba ya dharura ya 7700 kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Saa tatu au nne na mwalimu kabla ya likizo zinatosha kumfikisha kwenye njia ya kutua akiwa na mtu redioni.

Fungua mpango wa safari kwa waongozaji wa anga, na mtu mmoja asiyesafiri awe na njia, saa ya kufika na namba ya kupiga. Beba kinasaishara cha masafa 406, kifaa kinachorusha ishara ya dharura kwa setilaiti. Vile vya zamani vya 121.5 setilaiti ziliacha kuvisikiliza Februari 2009.

Angani na kwenye vituo

Ukivuka vizuizi, shusha pua kidogo na upande kwa mwendo wa kasi zaidi ili hewa ipoze injini. Utapanda taratibu, lakini silinda hazitaungua. Panda hadi juu ya mstari wa mawingu madogo ikiwa ndege na masikio yanaruhusu, kwani huko hewa imetulia. Na watoto na wazee futi 10,000 ni mpaka wa busara. Mtikisiko ukizidi, punguza mwendo uwe chini ya ule wa kuhimili misukosuko, ukikumbuka kwamba hupungua kadiri ndege inavyokuwa nyepesi: kwa 172S ni kama kilomita 195 kwa saa ikiwa imejaa na 167 ikiwa nyepesi.

Kituo cha katikati kinaleta tatizo lake. Injini ya injekta ikizimwa kwa dakika 20 juani, mafuta kwenye mirija huchemka na kuwa mvuke, na ukiiwasha kwa utaratibu wa asubuhi inazunguka tu bila kushika. Fuata sehemu ya kuwasha injini ya moto kwenye kitabu. Heshimu mapumziko ya stata, kwenye 172S sekunde 10 za kuzungusha na 20 za kupumzika, la sivyo unabaki na betri iliyokufa na watoto wenye njaa. Ielekeze pua kwenye upepo, fungua mlango mdogo wa oili joto litoke, na uufunge kabla ya kuwasha. Familia ikae kivulini hadi injini inakaribia kuwashwa, nawe unywe maji kabla hujasikia kiu.

Ndege ikilala juani

Funga kamba tatu, mbili mabawani na moja mkiani, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, ukiacha ulegevu wa sentimita mbili au tatu. Kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Usukani ufungwe kwa pini yake, tundu la mwendo livikwe, pua izibwe kwa vizibo na kioo kifunikwe. Usijaze matangi hadi mdomoni jioni ya kufika: mafuta yakipata joto huvimba na kumwagika kupitia tundu la hewa, na kesho kutwa utataka kuondoka na kiasi kingine kabisa. Kisha funga mpango wa safari, kwa simu, kabla ya kupanda gari.

Siku ya kurudi mizani irudi tena. Taulo zina maji, mifuko ina kokoto na zawadi, na kila begi lililopimwa kilo 10 sasa ni 12 au 13. Toa vizibo vya pua na umulike ndani kwa tochi hadi nyuma ya silinda, kwani ndege mmoja mwenye haraka hujenga kiota ndani ya saa chache, na nyasi kavu zikilalia bomba la moshi huwaka mkiwa futi 500.